Mistari Miwili ya Getini

Mama mkwe alipiga simu Jumatano saa nne asubuhi, mkamwana wake akiwa maabara anachekecha udongo wa watu.

"Mahindi yako yamekuwa ya zambarau," alisema. Hakusalimia.

"Yangu, mama?"

"Yangu yalikuwa ya kijani miaka ishirini. Haya ya zambarau ni yako." Alikohoa kidogo, kisha akaendelea kama anayesoma tangazo. "Jumamosi asubuhi majirani wanakuja na majembe. Tunang'oa yote, tunapanda viazi. Nimekupigia ili usije ukasema hukuambiwa."

Akakata simu. Mpima udongo alibaki na chekecheo mkononi. Udongo wa watu ulikuwa umemwagikia viatu vyake vyote viwili, na sampuli ile ikabidi irudiwe.

Sasa tuelewane mapema, maana habari hii ina chanzo. Mpima udongo alikuwa ameolewa miaka saba. Kwa miaka sita ya mwanzo mama mkwe alimwita "mke wa mwanangu", na akimtambulisha kwa wageni alisema "huyu ni mke wa mwanangu" kwa sauti ileile ambayo mtu hutumia kusema "hilo ni begi la mgeni". Hakuwa mkali. Hakumtukana hata siku moja. Alikuwa tu hajampokea, basi, na hakuona sababu ya kuharakisha.

Mwaka jana mpima udongo alichota udongo wa shamba la mama mkwe, akaupeleka maabara akaupima kwa mkono wake mwenyewe. Majibu yalikuwa mazuri ajabu. Fosforasi ilikuwa nyingi, na si kwa bahati: kwa miaka ishirini mama mkwe alikuwa ameweka kiganja cha mbolea ya kupandia katika kila shimo, mwaka hadi mwaka, na ile isiyotumika ilibaki hapohapo. Sheria ya maabara ni kuandika namba tu. Mpima udongo aliandika namba, kisha akaongeza mstari mmoja wa kwake chini kabisa: *Fosforasi inatosha. Msimu ujao usiweke mbolea ya kupandia.*

Mama mkwe alisoma ule mstari mara mbili, akavua miwani, akasema, "Kumbe mwanangu ana akili."

Mwanangu! Mume wa mpima udongo alikuwa pale, na kwa nusu dakika alidhani anayesifiwa ni yeye. Ile karatasi iliwekwa kwenye fremu ya kioo ikatundikwa sebuleni pembeni ya saa. Picha ya harusi yao haijawahi kutundikwa popote katika nyumba hiyo, lakini majibu ya udongo yalitundikwa siku hiyohiyo, na msumari mpya ukanunuliwa. Kuanzia hapo ikawa mwanangu huku, mwanangu kule. Mwanangu umekula? Mwanangu vaa sweta. Mpima udongo hakumwambia mtu, ila siku ya kwanza alipoitwa hivyo alikwenda bafuni akafungua bomba ili alie bila kusikika.

Sasa mahindi yamekuwa ya zambarau, na katika simu ya Jumatano neno mwanangu halikutamkwa hata mara moja. Alilitegea sikio mpaka simu ilipokatwa.

Jioni alimkuta mume wake uani, kichwa chote kikiwa ndani ya friji ya mtu. Mume alikuwa fundi wa friji na viyoyozi, na mazungumzo mengi ya ndoa yao yalifanyika akiwa humo ndani.

"Mama kanipigia," alisema mume kutoka kwenye friji.

"Fosforasi ipo," alisema mpima udongo. "Nimeitoa karatasi ya zamani nimeiangalia. Nina udongo ule umebaki kwenye kopo, nimeupima upya leo mara tatu. Ipo mpaka inamwagika."

"Umeupimia wapi?"

"Nipimie wapi tena? Maabara."

"Mle ndani mna nyuzi ishirini na tano, kiangazi na masika," alisema mume. "Kile kiyoyozi niliweka mimi."

Ni kweli, na ndivyo walivyojuana.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui. Mimi ni fundi wa friji." Alitoa kichwa nje, akajifuta grisi kwa kitambaa kilichokuwa na grisi zaidi ya uso. "Ila juzi nilikuwa kwa mama. Nimevaa makoti mawili na bado meno yanagongana. Ukungu haujainuka mwezi mzima. Watu wananunua friji kwa nini? Ili kitu kisiendelee. Nyanya ikae nyanya, isije ikawa kitu kingine. Kule kwa mama sasa hivi hata mimi niliona siendelei."

Akarudisha kichwa ndani.

Mpima udongo alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kilichomuuma si kwamba hakulijua jambo hilo. Alilijua. Alilisoma chuoni mwaka wa pili, akaulizwa kwenye mtihani, akapata alama zote. Fosforasi haitembei. Imekaa pale ilipo kwenye udongo, na mzizi ndio unaoifuata. Udongo ukiwa wa baridi mzizi hauendi mbali, na vile vijidudu vya udongo vinavyoifungulia mimea chakula navyo vinalala. Mahindi machanga yanakaa juu ya ghala lililojaa na yanashinda njaa, na majani yanageuka ya zambarau. Kiganja kile cha mama mkwe kiliwekwa palepale mbegu ilipo, kwa hiyo hata mzizi mvivu ulikipata. Maabara wao huukausha udongo kwenye oveni, huusaga, huumwagia dawa na kuutikisa kwa mashine nusu saa. Mmea wa mahindi hauna mashine ya kutikisa. Yote hayo aliyajua, na akaandika ule mstari wake chini ya karatasi kama hajui.

"Nimekosea," aliiambia ndoo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu.

Kumwambia mama mkwe ndiyo ilikuwa kazi nyingine kabisa.

Alhamisi alijaza fomu ya kutoa kifaa nje ya maabara. Mkuu wa maabara alikuwa mtu asiyeamini kitu ambacho hakina fomu. Aliisoma yote.

"Kipimajoto cha udongo, kimoja. Sababu, ugonjwa katika familia." Alimtazama juu ya karatasi. "Nani anaumwa?"

"Mahindi."

Mkuu wa maabara aliandika pembeni, kwa mwandiko mzuri, *mgonjwa: mahindi*, akagonga muhuri.

Ijumaa mchana mpima udongo alifika kwa mama mkwe. Geti lilikuwa wazi, ukungu umelala shambani, na kitu cha kwanza alichokiona kilimsimamisha. Mistari miwili ya kwanza, ile iliyo karibu kabisa na geti, ilikuwa ya kijani. Kijani hasa, na mirefu. Kuanzia mstari wa tatu mpaka kwenye ua wa mwisho, shamba zima lilikuwa la zambarau na limedumaa, kila mmea umejikunyata kivyake.

Hapakuhitajika maabara. Mistari ile miwili ilikuwa imewekewa mbolea.

Ahaa, alijisemea mpima udongo. Kumbe mama naye alinidanganya. Aliahidi mbele ya watu kwamba ataifuata karatasi, kisha akajiwekea akiba yake ya siri pale getini. Na niseme ukweli, maana hakuna haja ya kumpamba mtu: alifurahi. Tangu Jumatano alikuwa amebeba kosa lake peke yake kama gunia. Sasa alimwona mwenzake wa kulishika upande wa pili.

Mama mkwe alitoka jikoni anafuta mikono. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye kutembea kama anayekwenda kufunga mlango.

"Umefika, mke wa mwanangu," alisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hayo hapo. Yatazame vizuri, kesho hayapo."

Waliingia shambani. Walipita katikati ya mistari miwili ya kijani na hakuna aliyeitaja. Mpima udongo aliitazama, mama mkwe akamwona anaitazama, na wote wawili wakaendelea kutembea.

Kwenye mstari wa kumi mpima udongo alichuchumaa, akachomeka kipimajoto.

"Unaupima homa?" aliuliza mama mkwe.

"Kinyume chake, mama. Nadhani udongo una baridi mno. Chakula kimo, ila mizizi haikifikii."

"Na hicho kidude ndicho kitakachosema?"

"Kinahitaji dakika chache."

Mama mkwe hakuwa na dakika chache. Alipiga magoti, akafukua udongo kwa mkono mpaka kina cha kidole, akakunja mkono wa sweta na kuchomeka kiwiko shimoni. Alikaa hivyo, macho ameyafumba, kama mtu anayesikiliza redio.

"Nimeogesha watoto watano," alisema bila kufumbua macho. "Maji yote niliyapima kwa kiwiko. Hakuna aliyeungua, hakuna aliyepata mafua." Akachomoa kiwiko. "Hapa huwezi kumwogeshea mtoto."

Kipimajoto kilisema nyuzi kumi na tatu.

"Na kwenu maabara?"

"Ishirini na tano."

"Hapo unamwogesha hata asiye na siku arobaini," alisema mama mkwe. Alijipangusa udongo, akafikiri. "Kwa hiyo mliupima udongo wangu mahali ambapo haujawahi kuishi."

Mpima udongo alifungua mdomo. Hapo ndipo neno lilipotakiwa kutoka, na mama mkwe alisimama kabisa akilingoja, mikono kiunoni. Nilikosea mama. Maneno mawili tu.

"Matokeo," alisema mpima udongo, "yanahitaji kutafsiriwa kulingana na mazingira."

"Ehe," alisema mama mkwe.

"Usiyang'oe, mama. Jua likitoka udongo utapata joto, mizizi itakimbia, yatakuwa ya kijani yenyewe. Wiki tatu. Ukipanda viazi sasa unaupoteza msimu wa mahindi bure."

"Nikiyamwagia mbolea leo?"

"Itakaa juu hapohapo. Haitembei."

"Ehe," alisema tena mama mkwe, na akarudi jikoni. Jioni ile walikunywa chai chini ya fremu. *Usiweke mbolea ya kupandia*, ilisema karatasi, juu ya vichwa vyao. Mama mkwe aliongea habari za paa linalovuja. Mpima udongo alikubali kila kitu kuhusu paa.

Jumamosi saa moja na nusu majirani walikuwa getini, watu saba na majembe saba. Mbele yao alikuwa jirani wa upande wa kulia, fundi cherehani, mwanamume ambaye hakuwahi kuona jambo akalinyamazia.

"Loo!" alisema fundi cherehani. "Nimeshona sare za shule miaka yote hii, zambarau ya namna hii sijaipata dukani. Ni dawa gani hii, bibi mkubwa? Au ndiyo ile karatasi yako ya ukutani?"

Wengine walicheka. Mpima udongo, aliyekuwa amesimama karibu na ngazi ya jikoni, aliona masikio yake yanapata joto ambalo udongo wote ule haukuwa nalo.

Mama mkwe alifika getini taratibu.

"Rudisheni majembe," alisema. "Hatung'oi."

"Hatung'oi? Si ulituita mwenyewe?"

"Niliwaita Jumatano. Leo ni Jumamosi. Mwanangu anafanya jaribio."

Fundi cherehani alishusha jembe lake begani.

"Mistari hii miwili ina mbolea," mama mkwe aliendelea, akionyesha kwa kidevu. "Ile mingine haina. Tunaangalia baridi inavyofanya kazi. Utajuaje kama hulinganishi? Wewe unashona suruali bila kupima mguu?"

Fundi cherehani alikiri kwamba hashoni bila kupima.

"Basi. Udongo huu una nyuzi kumi na tatu. Fosforasi imo, haitembei. Mwanangu atawaeleza, ana kidude chake."

Mpima udongo akawaeleza. Majirani walichungulia kipimajoto, mmoja akauliza kama kinapima na homa, na mwishowe wote saba wakapanga foleni kuchomeka viwiko shimoni, maana hicho ndicho walichokielewa zaidi. Fundi cherehani aliganda humo muda mrefu kuliko wote. Alisema kwake lazima ni nyuzi kumi na moja, yeye shamba lake liko bondeni.

Walipoondoka, mama mkwe alifunga geti.

"Ahsante, mama," alisema mpima udongo.

"Kuna vyombo jikoni," alisema mama mkwe. "Wewe osha, mimi nalisha kuku."

Lile neno mwanangu lilibaki getini na majirani. Ndani ya nyumba ilikuwa "wewe".

Basi zikaanza simu. Kila asubuhi saa mbili, mpima udongo akiwa maabara, simu inaita. Salamu hakuna. "Leo bado. Mtoto atalia." Kesho yake: "Bado." Keshokutwa: "Ukungu umeinuka kidogo. Maji ya mtu mzima, tena mwenye haraka." Mpima udongo aliacha kipimajoto kule ili kilinganishwe, na mama mkwe alisoma namba baada ya kutaja kiwiko, kamwe si kabla. Kumi na nne. Kumi na nne. Kumi na sita. Mkuu wa maabara aliuliza kifaa kitarudi lini, akaambiwa mgonjwa anaendelea vizuri, akaandika.

Siku ya kumi na mbili jua lilitoka na kukaa. Siku ya kumi na tano mama mkwe alisema, "Leo namwogesha," na namba ikasomeka kumi na tisa. Baada ya hapo mahindi hayakusubiri mtu. Majani mapya yalitoka ya kijani, na ile zambarau ikabaki chini kwenye majani ya zamani.

Wiki ya nne mpima udongo alipanda tena kwenda kule. Alikuwa na raha. Shamba lilikuwa la kijani mpaka kwenye ua wa mwisho. Mistari miwili ya getini bado iliipita mingine kwa kimo, na hata kipofu angeipapasa akajua, lakini shamba lilikuwa zima. Na neno lile la kukiri alikuwa hajalisema bado. Alikuwa amejipa sababu, na sababu ilikuwa mistari hiyohiyo miwili: mimi nilikosea, mama alidanganya, ngoma droo. Kila alipojisikia vibaya aliikumbuka ile mistari na kupata nafuu.

Walikuwa wamesimama getini. Mama mkwe aling'oa gugu moja.

"Mama," alisema mpima udongo, kwa sauti ya utani, sauti ya mtu aliyekwishasamehe. "Hii mistari miwili. Nilikuona. Uliiwekea mbolea kwa siri."

Mama mkwe alimtazama bila kuelewa.

"Siri gani? Nilianza kupanda hapa getini, mbolea ninayo kiunoni kama kila mwaka. Mkono umezoea, shimo, kiganja, shimo, kiganja. Nimemaliza mstari wa pili ndipo nikakumbuka. Nikasema, aka, mwanangu alisema nisiweke." Alilitupa lile gugu nje ya geti. "Nikaenda kuirudisha mbolea stoo, nikaja nikaendelea bila."

Mpima udongo aligeuka akautazama mstari wa tatu.

"Ningekuwa mkaidi kidogo tu," alisema mama mkwe, "ningekuwa na shamba zima kama hii mistari."

Ile nafuu yote ya wiki nne ilimtoka mpima udongo papo hapo, na hakikubaki kitu cha kushika. Alimwona mama mkwe akiwa peke yake kwenye baridi ile, mbolea kiunoni, anasimama katikati ya shamba, anageuka, anairudisha stoo. Kwa sababu yake. Kwa mstari mmoja chini ya karatasi. Aliona aibu.

"Nilikosea, mama," alisema. "Sikupaswa kuandika vile. Nilijua habari ya baridi, nilisoma, na sikuifikiria. Baridi wala si kisingizio. Ni mimi. Nisamehe."

"Nilijua tangu jani la tatu."

"Mbona hukusema?"

"Mimi nina maabara?"

Mama mkwe aliingia ndani. Mpima udongo alimfuata, anafuta macho kwa mkono wa sweta, hakujali tena kama bomba limefunguliwa au la. Sebuleni mama mkwe alikuwa amepanda kwenye kigoda. Aliitoa fremu ukutani, akafungua mgongo wake kwa kisu cha jikoni, akaichomoa karatasi na kuiweka mezani. Akatoa kalamu kwenye kopo la kabatini.

"Andika hapo chini," alisema. "Kuna siku mtu mwingine atasimama hapa aisome, naye ataamini."

Mpima udongo aliukata ule mstari wake kwa mstari. Chini yake akaandika: *Nilikosea. Kukiwa na baridi, weka kiganja kidogo kwenye kila shimo hata kama fosforasi inatosha. Pima joto la udongo kwanza.* Alifikiri, akaongeza: *Au kiwiko.* Akaweka saini na tarehe.

Mama mkwe alivaa miwani, akasoma yote mara mbili, midomo ikitembea. Hakusifu. Alirudisha karatasi kwenye fremu, akafuta kioo kwa kanga, akapanda kigoda na kuitundika palepale pembeni ya saa, akahakikisha haijainama. Kisha akashuka, akaelekea jikoni kuchemsha chai, na mlangoni akageuka.

"Na hiyo kalamu ni ya kwangu, mwanangu," alisema. "Usije ukaondoka nayo."